Bata wanaokua katika joto la Dubai: siri ya tezi iliyokaa juu ya figo

Na Mwandishi Wetu, Dubai

Huko nyumbani ikisemwa kuwa fulani yuko Dubai "anakula bata", maana yake ni kuwa mtu huyo anastarehe. Ndugu wengi wanaopokea pesa kutoka Ghuba wanaamini hivyo, na si kazi rahisi kuwatoa katika imani hiyo. Wasichokijua wengi ni kuwa miongoni mwa watu wetu waliopo Imarati wapo ambao bata hawamli bali wanamlea. Hao ni wale walioajiriwa katika izba, yaani mazizi na mashamba ya mifugo yaliyoko nje ya miji, ambako mtu mmoja hukabidhiwa mbuzi, kuku, njiwa na bata wa mwenye mali, na akatakiwa kuhakikisha kuwa wote wako hai mwenye mali anapokuja Ijumaa.

Kiangazi ndicho mtihani wa kazi hiyo. Vifaranga wa bata walionunuliwa sokoni wakiwa wachangamfu wanaanza kuzubaa, wanaacha kula, miguu inalegea, na baada ya siku chache wanaokotwa mmoja mmoja asubuhi. Ni rahisi sana lawama kumwangukia mchungaji: hakuwapa maji, hakuwapa chakula, alikuwa na simu yake.

Huenda kweli alikuwa na simu. Lakini kuna jambo jingine ambalo mwenye mali na mchungaji wote wawili hawalioni kwa sababu limo ndani ya mwili wa ndege huyo. Ni tezi mbili ndogo za rangi ya manjano zilizokaa kwenye ncha ya mbele ya figo, kila upande moja. Wataalamu wanaziita tezi za adrenali. Kwa kifaranga wa bata, tezi hizi ndizo zinazobeba mzigo wa joto, wa chumvi na wa fujo za bandani, nazo zinaubeba mzigo huo wakati zenyewe bado zinajengwa.

Tuanze na umbile lake, kwani hapo ndipo bata anapoachana na mbuzi na hata na binadamu. Ukichinja mbuzi ukaipasua tezi yake ya adrenali katikati, utaona sehemu mbili zilizotengana wazi: gamba kwa nje na kiini kwa ndani, mfano wa yai lililochemshwa na kukatwa. Gamba linatoa homoni za kuongoza chumvi, sukari na ustahamilivu wa mwili. Kiini kinatoa adrenalini, ile inayokimbiza moyo pale mtu anaposhtuka. Kwa bata na ndege wengine mambo si hivyo. Sehemu hizo mbili zimechanganyika, nyuzi za tishu ya gamba zikipita huku na huku na visiwa vya tishu ya kiini vikiwa katikati yake. Mpishi wa pwani angesema tezi ya mbuzi ni yai, na tezi ya bata ni mseto, wali na choroko katika sufuria moja. Hata hivyo katika mseto huo wali ndio mwingi, kwani tishu ya gamba ndiyo inayochukua sehemu kubwa zaidi ya tezi.

Mchanganyiko huo una historia inayoanza ndani ya yai. Tishu hizi mbili hazina asili moja. Ile ya gamba inachipua mahali pale pale, karibu na panapojengwa figo na viungo vya uzazi. Ile ya kiini inatoka mbali: chembechembe zake zinaanzia mgongoni, kwenye ukingo wa mfereji utakaokuwa uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, kisha zinasafiri ndani ya kiinitete mpaka zinapofika kwenye tezi na kujipenyeza. Ukingo huo ulielezwa mara ya kwanza na Wilhelm His mwaka 1868, naye aliuona katika kiinitete cha kuku. Miaka mia moja baadaye mwanasayansi Mfaransa, Bibi Nicole Le Douarin, alibuni njia ya kupandikiza chembechembe za kware ndani ya kiinitete cha kuku. Chembechembe za kware zina alama inayoonekana kwa darubini, kwa hiyo aliweza kuzifuata kila zilikokwenda, na baadhi yake zilikutwa ndani ya tezi ya adrenali. Kwa maneno mengine, adrenalini inayomfanya kifaranga aruke mlango unapobamizwa inatoka kwa wageni waliohamia humo na kuweka makazi. Msomaji wa Dubai hahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hilo.

Inafaa kuashiria hapa kuwa mtu wa kwanza kuonyesha kwa majaribio kwamba tezi hizi ni za kufa na kupona alikuwa mzaliwa wa Bahari yetu ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Mwaka 1856, mwaka mmoja tu baada ya daktari Mwingereza Thomas Addison kueleza ugonjwa wa watu ambao tezi zao zimeharibika, Brown-Séquard aliwaondolea wanyama tezi hizo na akaona kuwa hawaishi. Kabla ya hapo wataalamu wa Ulaya walizijua tangu karne ya 16, lakini walikuwa wakibishana tu juu ya kazi yake.

Turudi kwa bata. Yai la bata Pekin, yule mweupe wa mashambani, huatamiwa kwa siku 28. La bata wa Muscovy, yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu ambaye ndiye tuliyemzoea sana majumbani kwetu, huchukua siku 35. Mpaka kifaranga anatoboa ganda tezi zake zimekwisha kuanza kazi, na siku zile za kutoboa homoni yake kubwa, kotikosteroni, hupanda katika damu. Kutoka ndani ya yai ni kazi nzito kwa kiumbe mwenye gramu 50 hivi. Anabadili namna ya kuvuta pumzi, anaanza kuchoma akiba ya kiini cha yai iliyobaki tumboni, na baada ya saa chache anatembea.

Hapa kuna tofauti ambayo wafugaji wa njiwa waliozoea kufuga bata kwa mazoea ya njiwa hawaijui. Kinda la njiwa linazaliwa likiwa kipofu na halina uwezo wa kwenda popote. Ndege wa aina hiyo, homoni yao ya mshtuko huwa ndogo mwanzoni, nayo huongezeka kadiri wanavyokaribia kuondoka kiotani. Kifaranga wa bata anazaliwa macho wazi na miguu tayari, na tezi zake zinaitikia hatari tangu mapema. Kwa hiyo kifaranga wa siku tatu aliyesongwa katika kasha la karatasi sokoni, akapakiwa nyuma ya gari mchana, akashushwa kwenye zizi lenye mbwa, tayari amekwisha kutumia homoni nyingi kabla hata hajala chakula cha kwanza.

Na wakati huo huo anatakiwa akue. Bata Pekin aliyelishwa vizuri hufikia kilo 3 au zaidi katika wiki 7 hivi, yaani mara 60 ya uzito aliozaliwa nao. Tezi za adrenali nazo zinakua, lakini haziwezi kwenda mbio na nyama. Uzito wake unaongezeka, ila ukiulinganisha na uzito wa mwili mzima unakuta sehemu yake inapungua. Ndani ya tezi kazi inagawanywa. Mwaka 1978 watafiti Pearce, Cronshaw na Holmes wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walionyesha kuwa tishu ya gamba katika bata ina kanda mbili. Ile iliyo chini tu ya ngozi ya tezi inahusika zaidi na aldosteroni, homoni ya kuzuia chumvi isipotee. Ile ya ndani inatengeneza kotikosteroni na inategemea amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Walipowaondolea bata sehemu ya mbele ya pituitari, kanda ya ndani ilinyauka na ile ya nje ikabaki.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mchungaji ambaye hajawahi kuona darubini. Wapo wanaowapa ndege vidonge vya binadamu vya jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, kwa kuwa mnyama aliyezubaa huchangamka na kula. Dawa hizo ni ndugu wa kotikosteroni. Mwili ukiziona nyingi katika damu, pituitari inaacha kutoa amri, na kanda ya ndani ya tezi inanyauka vile vile kama ilivyokuwa kwa bata wa California. Dawa ikikatishwa ghafla ndege anabaki bila dawa na bila tezi. (Tezi ya binadamu nayo inafuata kanuni hiyo hiyo, na wanaojipaka ovyo krimu kali za steroidi ili wawe weupe wasidhani kuwa zinaishia kwenye ngozi.)

Sasa tuje kwenye chumvi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo adui asiyetajwa katika mashamba ya hapa. Mtu anayekaa Deira au Bur Dubai anafungua bomba na kupata maji ya bahari yaliyokwisha kuondolewa chumvi viwandani. Shambani mambo ni mengine. Huko hutumika visima, na katika sehemu nyingi za Imarati maji ya chini ya ardhi yana chumvi. Nao wenzetu wa visima vya karibu na pwani Unguja, Lamu na Mombasa wanayajua vizuri maji ya namna hiyo.

Bata amepewa kifaa cha kupambana nayo. Mwaka 1957 mtaalamu mzaliwa wa Norway, Knut Schmidt-Nielsen, aligundua kuwa ndege wa baharini wana tezi ya chumvi juu ya macho, inayotoa majimaji makali yenye chumvi kupitia puani. Heroe walioko Ras Al Khor, pale mwisho wa Khor Dubai, wanayo. Bata wa kufugwa naye anayo, ingawa ni ndogo, na akinyweshwa maji ya chumvi kidogo kidogo inakua na kupata nguvu. Lakini tezi hiyo ya puani haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1961 Phillips, Holmes na Butler waliwaondolea bata wa kufugwa tezi za adrenali kisha wakawapa maji ya chumvi. Tezi ya puani ilishindwa kutoa chumvi. Walipowarudishia homoni ya adrenali, kazi ikarudi.

Basi hebu tupige hesabu ya kifaranga wa wiki mbili aliye katika izba mwezi wa Julai. Maji ni ya kisima na yana chumvi. Beseni liko juani, na joto la mchana linapita nyuzi 40. Maji yanakauka, chumvi haikauki. Mchungaji, kwa nia njema kabisa, anaongeza maji juu ya yale yaliyobaki, na jioni anaongeza tena. Baada ya siku kadhaa beseni limekuwa na chumvi nyingi kuliko kisima chenyewe. Kifaranga naye hana jasho, kwani ndege hawana tezi za jasho. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi na kwa kupitisha joto miguuni na mdomoni. Kuhema kunamaliza maji mwilini, kwa hiyo anakunywa zaidi, na kila anapokunywa anaongeza chumvi. Tezi ya puani bado changa. Tezi za adrenali zinaamrishwa kutoa homoni kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya joto, na kwa ajili ya msongamano, zote kwa pamoja, mchana na usiku.

Hata bata-mwitu waliozaliwa porini hawaliwezi jambo hili wakiwa wadogo. Katika maziwa ya chumvi ya jimbo la North Dakota, Marekani, watafiti waliona vifaranga wakijikusanya pale penye chemchemi za maji matamu, ingawa ziwa zima lilikuwa mbele yao. Kifaranga wa zizini hana chemchemi ya kukimbilia. Anakunywa alichowekewa.

Nini hutokea tezi zikisukumwa hivyo kwa muda mrefu? Hans Selye, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Canada, alieleza mwaka 1936 kuwa panya wanaoteswa kwa njia mbalimbali, kama baridi, majeraha au sumu, wanaishia na dalili zile zile: tezi za adrenali zinavimba, na tezi ya kinga iliyo kifuani inasinyaa. Ndege wana kiungo cha ziada hapo, nacho ni kifuko cha Fabricius kilicho karibu na njia ya haja. Kazi yake haikujulikana mpaka miaka ya 1950, Bruce Glick alipoonyesha huko Ohio kuwa kuku waliokatwa kifuko hicho wakiwa wachanga wanashindwa kutengeneza kinga. Kotikosteroni nyingi inakisinyaza kifuko hicho, inavunja nyama ili ipatikane sukari ya haraka, na inazuia kukua. Ndiyo sababu kifaranga haanguki siku ya joto kali. Anaanguka wiki moja baadaye kwa kijidudu cha kawaida ambacho mwenzake wa kivulini anakistahamili. Mwenye mali anaona ugonjwa, ananunua dawa ya kuua vijidudu, na beseni linabaki pale pale juani.

Ghuba ina historia yake pia ya mafuta, na bata wameingia humo. Wakati wa vita vya Kuwait mwaka 1991 mamilioni ya mapipa ya mafuta ghafi yalimwagika baharini na kuua maelfu ya ndege. Kabla na baada ya kutokea balaa hilo watafiti wa Marekani walikuwa wamewalisha bata chakula chenye mafuta ghafi kidogo. Mwaka 1981 Rattner na Eastin waliripoti kuwa kotikosteroni katika damu ya bata hao ilishuka. Hapo tatizo ni kinyume cha lile la zizini, yaani tezi inayotakiwa kuitikia haiitikii. Majaribio ya Holmes na wenzake yalionyesha kuwa bata waliozoezwa maji ya bahari na kulishwa mafuta walikufa kwa wingi zaidi walipopatwa na baridi. Kwa hiyo kumwaga dizeli kidogo karibu na banda ili kufukuza nzi, kama wafanyavyo wengine, si jambo dogo kwa ndege anayechokora kila kitu kwa mdomo.

Serikali ya Imarati yenyewe inalijua joto lake. Kila mwaka kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 kazi za juani zinakatazwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri. Bata hana mkataba wa kazi, lakini hakuna ubaya wowote naye akipewa mapumziko hayo: asikamatwe, asihamishwe, asichanjwe wala kupimwa uzito saa hizo. Kazi zote za kumshika zifanyike alfajiri.

Maji ya kunywa ya vifaranga kwa wiki tatu au nne za kwanza yawe matamu, hata kama ni ya kubebwa kwenye madumu kutoka mjini. Kifaranga mdogo hanywi mengi, na gharama ya dumu hailingani na ya bata. Chombo kimwagwe chote, kisuguliwe na kujazwa upya, si kuongezewa, na kiwe na kina cha kutosha bata kuzamisha mdomo wote mpaka puani, kwani pua iliyoziba kwa vumbi na chumvi haiwezi kutoa kitu. Kivuli kiwe cha makuti au turubai lililoinuliwa juu upepo upite, kwa sababu mabati yaliyo karibu na vichwa vyao ni tanuri. Wasiolelewa na mama wasiachwe kuogelea kwa muda mrefu, maana manyoya yao bado hayazuii maji. Chakula cha vifaranga wa kuku kinaweza kutumika, lakini bata wanahitaji niasini zaidi, na upungufu wake huonekana kwenye miguu.

Katika yote hayo vitu vinavyogharimu ni vitatu, madumu, turubai na nafasi, na vyote vitatu viko katika mamlaka ya mwenye mali. Mchungaji hanunui turubai kwa mshahara wake. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu katika izba nyingi anayeulizwa juu ya vifo ni yule ambaye hakushauriwa juu ya manunuzi.

Wapo wasomaji wetu ambao wana mpango wa kurudi na kuanzisha mradi wa bata Bagamoyo, Kilifi au Pemba, na wengine wanatuma pesa tayari. Hali ya hewa ya huko ina huruma zaidi, lakini kisima cha pwani ni kisima cha pwani, na kifaranga anayepelekwa kwa basi kutoka mji mmoja hadi mwingine anafika na tezi zilizochoka kama yule wa Sharjah. Mwenye mpango huo apimishe chumvi ya maji kabla ya kujenga banda.

Kwa walioko hapa ambao mwenye mali anawasikiliza, msaada mkubwa ni kalenda. Bata-mwitu kutoka kaskazini huja Ras Al Khor majira ya baridi, na miezi hiyo ndiyo inayofaa pia kwa vifaranga wa kufugwa. Mayai ya Pekin yakiwekwa kwenye mashine ya kutotolesha Oktoba 5 yatatoboka karibu na Novemba 2. Ya Muscovy yatatoboka karibu na Novemba 9. Mpaka joto kali la Mei linaingia, vifaranga hao watakuwa na miezi sita.